Dawa Iliyoshindwa na Kunguni: Lango la Sodiamu na Mitaa ya Eastlands

Ukipita masoko ya Gikomba au Muthurwa, Nairobi, utasikia spika ndogo iliyofungwa kwenye mkokoteni ikirudia tangazo lile lile kutwa: dawa ya kunguni, dawa ya mende, dawa ya panya, dawa ya viroboto. Wanunuzi hawakosekani. Wanatoka mitaa ya Eastlands: Kaloleni na Makongeni, Jericho na Bahati, Huruma, Dandora, Kayole, Umoja. Mtu hununua chupa, akatoa vitanda nje, akapuliza kila ufa, akaomba malazi kwa jirani usiku mmoja. Wiki ya kwanza hupita kwa amani. Ikifika ya tatu, alama nyekundu zimerudi mikononi mwa watoto, zimejipanga mstari.

Mtaani jambo hili lina maelezo mawili. La kwanza ni kwamba dawa ni feki. La pili husemwa kwa sauti ya chini, kwamba wenye nyumba ile ni wachafu. Hilo la kwanza lina ukweli kiasi, kwa kuwa chupa isiyo na lebo haimhakikishii mtu chochote. La pili ni dhuluma. Kunguni hufuata joto la mwili na pumzi ya mwanadamu, na shuka zilizofuliwa jana zinamfaa sawa na zile za mwezi uliopita. Lipo la tatu, nalo halisikiki sana: hata dawa halisi, iliyosajiliwa na kupimwa barabara, kunguni anaweza kutembea juu yake asidhurike. Sababu imo ndani ya protini moja ya neva zake, katika namna vipande vya protini hiyo vinavyogusana, kubanana na kuvutana. Msimamo wangu ni kwamba tusipouelewa mgusano huo, fedha za wakazi wa Eastlands zitaendelea kumwagwa sakafuni, na kila zikimwagwa tatizo litazidi kuwa gumu.

Asili ya dawa yenyewe haiko mbali na sisi. Pareto, ua jeupe lenye kitovu cha njano, ni mzaliwa wa pwani ya Dalmatia, Ulaya, na lililetwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Lilistawi Molo, Kinangop, Limuru na kandokando ya Nakuru, ambako baridi ya nyanda za juu hulichochea kuchanua. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Kenya iliipiku Japani ikawa mzalishaji mkuu, na kwa miongo mingi iliyofuata sehemu kubwa ya pareto ya dunia ilitoka katika mashamba hayo. Ndani ya ua hilo mna kemikali sita zinazofanana, ziitwazo pirethrini, ambazo Hermann Staudinger na Leopold Ružička walichapisha matokeo ya uchunguzi wa umbo la baadhi yake mwaka 1924. Udhaifu wake mkubwa ni jua, ambalo huziharibu kwa saa chache tu. Michael Elliott na wenzake katika kituo cha Rothamsted, Uingereza, walitengeneza jamaa zake zinazostahimili jua: permethrini mwaka 1973, deltamethrini mwaka uliofuata. Ukoo huu wa kiwandani huitwa pirethroidi. Leo umo katika makopo mengi ya kupulizia madukani, katika dawa nyingi za kunguni, na katika vyandarua vyenye dawa vilivyogawiwa Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka ishirini.

Kemikali ya ua na zile za kiwandani zote hulenga mahali pamoja, nako ni kwenye chaneli ya sodiamu.

Kila seli ya neva, iwe ya kunguni au ya mwanadamu, imezungukwa na utando wa mafuta ambao ioni haziwezi kuupenya zenyewe. Ioni ni chembe zenye chaji ya umeme. Sodiamu ya chumvi iliyoyeyuka ni mojawapo. Nje ya seli sodiamu ni nyingi, ndani ni haba, na upande wa ndani una umeme hasi wa takriban milivolti 70. Ujumbe wa neva ni kuvunjika kwa tofauti hiyo kwa kitambo kifupi mno: sodiamu huingia kwa kasi, umeme hupinduka, na mpinduko huo husafiri kwenye urefu wa neva. Alan Hodgkin na Andrew Huxley walilieleza jambo hili kwa hesabu mwaka 1952 baada ya kupima neva nene ya ngisi, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1963. Wakati huo hakuna aliyekuwa ameiona njia ya sodiamu. Hesabu zao zilidai tu kwamba pawepo kitu kinachofunguliwa na umeme na kinachojifunga chenyewe.

Kitu hicho ni protini: mnyororo mmoja wa takriban asidi amino 2,000, yaani vipande vidogo vinavyojenga protini, unaopenya utando na kurudi mara nyingi. Una vitengo vinne vinavyofanana, vilivyopangwa duara, na kila kitengo kina nguzo sita zilizojisokota. Nguzo nne za mwanzo huhisi umeme. Ya tano na ya sita za vitengo vyote hukusanyika katikati kuzunguka tundu la kupitisha sodiamu. Kwenye koo la tundu hilo pana kichujio cha asidi amino nne tu, moja kutoka kila kitengo: aspartati, glutamati, lisini na alanini. Hizo ndizo zinazoipokea sodiamu na kuikataa potasiamu. Ukibadilisha lisini peke yake, uchaguzi huo huvurugika.

Nguzo ya nne ya kila kitengo ndiyo inayoanzisha mwendo. Imebeba arjinini au lisini kila baada ya hatua tatu, zote za umeme chanya. Neva ikitulia, umeme hasi wa ndani huzivuta chini. Ujumbe ukifika, mvuto hulegea na nguzo hupanda. Ncha yake ya chini imefungamana na nguzo ya tano kwa kiungo kifupi kinacholala ubavu chini ya utando. Nguzo ya nne ikipanda, kiungo husogea. Kiungo kikisogea, nguzo ya tano husukumwa. Nayo ya sita hupinda kutoka katikati, na sodiamu hupata njia. Baada ya milisekunde chache kitanzi kilicho kati ya kitengo cha tatu na cha nne hulifunga tundu kutoka ndani. Hakuna hatua hata moja ambayo kipande kimoja hufanya peke yake. Kazi yote ya chaneli ni ya kugusana, na kwa hiyo nguvu yake yote na udhaifu wake wote viko kwenye migusano hiyo.

Kwa muda mrefu maelezo hayo yalitokana na vipimo vya umeme na jeni, bila picha. Roderick MacKinnon alionyesha umbo la chaneli ya potasiamu ya bakteria mwaka 1998, akapewa Nobel mwaka 2003. Chaneli ya sodiamu ya bakteria ilifuata mwaka 2011. Kisha mwaka 2017 timu ya Nieng Yan katika Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing, ilichapisha umbo la chaneli ya sodiamu ya mnyama, la kwanza kuonekana kwa undani wa nanomita 0.38. Mnyama huyo hakuwa panya wala binadamu. Alikuwa mende, Periplaneta americana, yule mkubwa wa rangi ya hudhurungi anayetoka kwenye mitaro ya majitaka usiku, na ambaye kila mtoto wa Kariobangi anamjua. Naona jambo hilo lina haki yake: kiumbe tunayemkanyaga bila kumtazama ndiye aliyetufungulia ukurasa huo wa sayansi ya neva.

Pirethroidi hufanya kazi kama kabari iliyochomekwa mlangoni. Ke Dong, Boris Zhorov na wenzao walionyesha mwaka 2013, kwa chaneli ya mbu, kwamba dawa hii ina mahali pawili pa kukaa. Pa kwanza pamezungukwa na kile kiungo na nguzo ya tano ya kitengo cha pili, pamoja na nguzo ya sita ya kitengo cha tatu. Pa pili pako kati ya kiungo, nguzo ya tano na ya sita za kitengo cha kwanza, na nguzo ya sita ya kitengo cha pili. Pote pawili ni pale pale ambapo sehemu zinazosogea hukutana. Dawa hupendelea kuingia tundu likiwa wazi, na ikishakaa, nguzo ya sita hushindwa kurudi mahali pake. Sodiamu huendelea kumiminika. Neva hupiga mfululizo bila pumziko, na mdudu huanguka chali akitupa miguu hewani. Uwezo wa mdudu kutoanguka umepewa kifupi cha herufi tatu ambacho nitakitumia hapa: kdr.

Uwezo huo umeitangulia pirethroidi. DDT, ambayo Paul Müller aligundua nguvu zake dhidi ya wadudu mwaka 1939, nayo hushika chaneli hii hii. Kunguni walioistahimili DDT waliripotiwa Pearl Harbor, Hawaii, mwaka 1947. Inzi wenye kdr walielezwa mwaka 1951. Pirethroidi zilipofika madukani miaka ya 1970 zilipokelewa na wadudu ambao mababu zao walikwisha kuchujwa na DDT kwa robo karne. Ndiyo maana wazee wanaokumbuka enzi za DDT hukosea wanapodhani kuirudisha kungemaliza kunguni. Dawa hizo mbili zinagonga mlango mmoja.

Mwaka 1996 kiini cha kdr kilipatikana katika inzi wa nyumbani. Kwenye nafasi ya 1014 ya mnyororo, katika nguzo ya sita ya kitengo cha pili, leusini ilikuwa imegeuka fenilalanini. Ni asidi amino moja kati ya 2,000. Inzi wenye upinzani mkali zaidi walikuwa na badiliko la ziada kwenye nafasi ya 918, katika kile kiungo cha kitengo cha pili: methionini imekuwa threonini. Mwaka 1998 mbu wa malaria wa Afrika Magharibi walikutwa na badiliko lile lile la 1014. Kisha mwaka 2000 Hilary Ranson na wenzake waliripoti kwamba Anopheles gambiae wa magharibi mwa Kenya wana la kwao: nafasi ni ile ile, lakini leusini imekuwa serini. Kufikia mwaka 2010 badiliko hilo lilikuwa limekaribia kumfikia kila mbu wa jamii hiyo katika baadhi ya maeneo ya huko.

Hapa pana jambo la kutulia nalo. Fenilalanini ni kubwa kuliko leusini na ina pete nzito. Serini ni ndogo, tena hupenda maji ilhali leusini huyakimbia. Mabadiliko mawili yanayoelekea pande tofauti yamempa mdudu faida ya aina moja. Kama shida ingekuwa ni kuziba tu mahali pa dawa, kipande kidogo zaidi kisingefaa kitu. Tunachojifunza ni kwamba leusini ile ilikaa kwa kipimo kamili kati ya jirani zake, na dawa iliegemea kipimo hicho. Kiongeze, dawa inakosa nafasi. Kipunguze, inakosa mshiko. Mdudu hakuhitaji kuvumbua silaha mpya. Alihitaji mpangilio mmoja uvurugike kidogo, na ajali za jeni huvuruga mambo kila kizazi.

Lakini mvurugo una mipaka, kwa sababu chaneli iliyovurugika sana ni neva iliyokufa. Mabadiliko mengi yanayowezekana humuua mdudu kabla dawa haijamfikia. Yanayobaki ni machache, na ndiyo sababu nafasi zile zile hujirudia katika wadudu ambao kinasaba walitengana mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita. Nafasi ya 1014 imebadilika kwa inzi, kwa mbu wa malaria, kwa Culex anayetulilia masikioni Eastlands usiku, na kwa mende mdogo wa jikoni, Blattella germanica. Chawa wa kichwani wana la kwao kwenye nafasi ya 929. Kunguni wa New York walichunguzwa mwaka 2008 wakakutwa na mawili: leusini ya nafasi ya 925 imekuwa isoleusini, na valini ya nafasi ya 419 imekuwa leusini. Miaka miwili baadaye mabadiliko hayo yalithibitishwa katika majimbo mengi ya Marekani. Hali hii ya kujirudia ndiyo inayonipa matumaini kidogo, kwani kitu kinachojirudia hupimika.

Kunguni wa nchi za joto, Cimex hemipterus, ana la kushangaza zaidi. Ana badiliko la 1014, na pia la 918, ambako methionini yake imekuwa isoleusini. Sasa tazama upande wetu. Katika chaneli za sodiamu za mamalia, nafasi inayolingana na ile ya 918 ina isoleusini tangu awali. Mwaka 2000 watafiti walichukua chaneli ya ubongo wa panya, wakaiondoa isoleusini hiyo na kuweka methionini ya mdudu, na chaneli ikawa nyepesi sana kudhuriwa na pirethroidi. Hiyo ni mojawapo ya sababu za mtoto kulala ndani ya chandarua chenye dawa na kuamka mzima huku mbu akifa ukutani. Zilizobaki ni joto la mwili wetu, ambalo hupunguza nguvu ya dawa hizi, na ini letu linalozivunja haraka. Kunguni wa kitropiki, kwa bahati ya jeni, amejipatia kinga ile ile aliyo nayo binadamu anayemnyonya damu.

Bado kuna migusano ya mbali, na kwangu hii ndiyo sehemu inayofunza zaidi. Mwaka 2012 iliripotiwa kwamba Anopheles gambiae wa Burkina Faso wana badiliko kwenye nafasi ya 1575, asparajini kuwa tairosini. Nafasi hiyo iko kwenye kitanzi kilicho kati ya kitengo cha tatu na cha nne, ndani ya seli, mbali na mahali pote pawili pa dawa. Watafiti waliijaribu kwenye mayai ya Xenopus, chura wa kusini mwa Afrika ambaye mayai yake makubwa hutumika maabara kutengenezea chaneli za viumbe wengine na kupima umeme wake. Badiliko la 1575 likiwa peke yake halikupunguza nguvu ya dawa. Likiwekwa pamoja na fenilalanini ya 1014, upinzani ulipanda kuliko wa 1014 pekee. Kielelezo cha kompyuta kilidokeza sababu: tairosini ile husogeza kidogo nguzo ya sita ya kitengo cha pili, na msogeo huo hufika mpaka mahali pa dawa. Yaani sehemu isiyoigusa dawa kabisa inaweza kubadilisha hatima ya dawa kwa kupitia jirani wa jirani. Orodha ya mabadiliko haitoshi kamwe kutabiri upinzani. Ni lazima kujua yapi yako pamoja katika mnyororo mmoja.

Turudi mitaani na elimu hiyo. Ploti za Huruma na Kayole zimepanda orofa sita, saba. Vyumba vinashiriki kuta, mabomba na nyaya za stima, na kunguni hupita humo humo. Familia huhama kwa mkokoteni na godoro juu. Makochi ya mitumba hubadilisha mikono. Jike mmoja aliyekwisha kupandwa anatosha kuanzisha ukoo mzima ndani ya jengo, na watoto wake huzaana wenyewe kwa wenyewe. Hapo jenetiki ya kdr inakuwa kali. Mdudu mwenye nakala moja tu ya jeni iliyobadilika, ya upande wa mama au wa baba, kwa kawaida hufa akipata kipimo kamili. Mwenye nakala mbili ndiye husalimika. Katika kundi kubwa lililochanganyika, wenye nakala mbili huwa wachache mwanzoni. Katika ukoo unaozaana ndani kwa ndani, wanaongezeka upesi. Ukikipulizia chumba kimoja kati ya ishirini, kwa dawa iliyozimuliwa maji kupita kiasi, umewaondoa wanyonge na kuwaachia chumba wale wenye nguvu. Mpangaji aliyefanya hivyo hana kosa, kwa kuwa ndicho alichoweza kulipia. Lakini matokeo ni yale yale, awe na kosa au asiwe nalo.

Haitakuwa haki kuibebesha chaneli lawama yote. Kunguni wengi pia wana vimeng'enya vingi vya kuivunja dawa kabla haijafika kwenye neva, na wengine wana gamba nene linaloichelewesha. Njia hizi hujumlishana. Kuna kemikali inayoitwa PBO ambayo huvizuia vimeng'enya, na vyandarua vilivyotiwa PBO vilifanya vizuri kuliko vya kawaida katika jaribio kubwa la Muleba, mkoani Kagera, Tanzania, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018. Ila PBO haiigusi chaneli. Mdudu mwenye 1014 na 918 kwa pamoja anaweza kuipita. Jaribio lililofuata, la Misungwi, mkoani Mwanza, lilionyesha mwaka 2022 kwamba vyandarua vyenye klorfenapiri pamoja na pirethroidi viliwakinga watoto dhidi ya malaria vizuri zaidi, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza. Klorfenapiri haina habari na neva. Hushambulia mitambo ya nishati ndani ya seli. Somo la Misungwi ni pana kuliko malaria: mlengwa akibadilika umbo, badilisha mlengwa.

Walengwa wengine wapo, na baadhi yao ni chaneli pia. Fipronili, iliyomo katika jeli nyingi za mende, huziba chaneli ya kloridi inayotuliza neva. Nayo ina historia kama hii: alanini moja ikigeuka serini kwenye tundu la chaneli hiyo, mdudu hustahimili dawa iitwayo dieldrini, na nguvu ya fipronili hupungua kwa kiasi. Ivermektini hufungua chaneli nyingine ya kloridi ambayo binadamu hana. Huko Kwale, jaribio la BOHEMIA liliwapa watu dawa hiyo ili mbu wanaowauma wafe, na maambukizi mapya ya malaria kwa watoto yalipungua kwa asilimia 26. Sisemi kwamba Eastlands ianze kumeza ivermektini kwa ajili ya kunguni. Nasema kwamba ghala la sayansi halina silaha moja tu.

Na zipo njia zisizotegemea chaneli yoyote. Joto ni mojawapo: nguo na shuka zikifuliwa kwa maji ya nyuzi joto 60 kunguni hufa, na mayai yake hufa pia, ambayo dawa nyingi za kupulizia huyaacha hai. Nyingine ni vumbi la diatomaiti, linalonyonya nta ya gamba la mdudu mpaka akauke. Kenya inachimba diatomaiti Kariandusi, karibu na Gilgil, katika kaunti ile ile iliyokuwa kitovu cha pareto. Vumbi hili halipaswi kuvutwa puani, kwa hiyo litumike lile lililosajiliwa kwa kazi hiyo, kwenye nyufa na chini ya vitanda, si juu ya godoro. Kwenye gamba hakuna nafasi ya 1014 ya kubadilishwa.

Kinachonitia hofu ni njia ambayo watu hukimbilia dawa ya dukani ikishindwa. Huchukua dawa ya shambani na kuipiga chumbani wanamolala watoto. Nyingi za dawa hizo ni za jamii ya oganofosfeti, ambazo hushambulia kimeng'enya cha neva ambacho sisi na wadudu tunacho kwa pamoja. Ile huruma ya isoleusini iliyotukinga dhidi ya pirethroidi haipo hapo. Kinachomlemaza kunguni humlemaza mtoto pia.

Mahitaji ya kulishughulikia jambo hili yako karibu. Makao makuu ya ICIPE, taasisi ya wadudu iliyoasisiwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, yako Kasarani, safari fupi ya matatu kutoka Dandora. KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, ina maabara za jeni. Bodi ya kudhibiti dawa za wadudu ina mamlaka ya kuamua kinachoandikwa kwenye lebo. Kusoma nafasi tano au sita za jeni ya chaneli ya sodiamu katika kunguni waliokusanywa Makongeni, Mathare na Umoja ni kazi ya kawaida kwa maabara yenye vifaa. Serikali ya Kaunti ya Nairobi iamuru upimaji huo ufanywe kabla ya kila kampeni ya kupuliza dawa, matokeo yabandikwe kwa machifu na kwenye zahanati, na jengo zima litibiwe kwa siku moja badala ya chumba kimoja kimoja. Bodi nayo idai kila chupa ionyeshe kwa maandishi makubwa kundi la dawa yake: 3A kwa pirethroidi, 2B kwa fipronili, 13 kwa klorfenapiri.

Nawe msomaji, kabla hujatoa pesa Muthurwa au dukani, geuza chupa utafute jina la kemikali. Chupa isiyo na jina hilo, iache. Ukiona jina linaloishia kwa thrin, kama permethrin, cypermethrin, deltamethrin au cyhalothrin, jua ni ukoo wa pareto. Kama ukoo huo ulikwisha kushindwa nyumbani kwako, chupa nyingine yenye mwisho ule ule itaenda kugonga lango lile lile lililobadilika. Nunua ya kundi lingine lililosajiliwa kwa matumizi ya nyumbani, chemsha shuka, zungumza na majirani wa ukuta wa kulia na wa kushoto mfanye siku moja, na mrudie baada ya wiki mbili kuwapata walioanguliwa.